Picha Iliyopigwa Ghalani

Mwalimu Skolastika aliingia studio Jumatatu saa kumi jioni akitokea shuleni, vumbi la chaki bado likiwa kwenye vidole. Alivua kofia yake pana, akasimama kidogo mpaka macho yakazoea kivuli cha ndani, kisha akatoa picha kwenye bahasha na kuiweka juu ya kaunta.

"Dada Zena," alisema, "nionyeshe mimi niko wapi hapa."

Zena aliiangalia. Ilikuwa picha ya sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, aliyoipiga yeye mwenyewe Jumamosi nyumbani kwa kina Skolastika, Nsemulwa. Gauni la zambarau lilitoka vizuri. Shanga za shingoni zilitoka, hata maua ya plastiki yaliyofungwa kwenye nguzo za turubai yalitoka. Lakini juu ya shanga palikuwa na duara jeupe tu, kama sahani iliyotoka kuoshwa. Hapakuwa na nyusi, wala pua, wala mdomo.

Skolastika akaweka picha ya pili pembeni ya ile ya kwanza. "Hapa mimi naonekana kidogo. Ila mchumba wangu hayupo. Kuna suti na meno."

Skolastika alikuwa na ualbino. Mchumba wake, Method, mkulima wa mpunga wa Mwamkulu, alikuwa mweusi tii. Zena alikuwa ameziona picha hizo kabla ya kuzisafisha na kuona kasoro zake, lakini alikuwa na haraka, akajiambia kwamba ndivyo watu hao wawili walivyo. Sasa majibu yalimjia mdomoni kwa mazoea: jua lilikuwa kali, wino wa printa ulikuwa umekaribia kuisha. Yote mawili alishawahi kuwapa wateja wengine.

"Sijaja kukugombeza," Skolastika aliendelea. "Tangu nikiwa mdogo picha zangu zote ziko hivi. Kipaimara, kuhitimu darasa la saba, chuo cha ualimu. Ukiniambia haiwezekani nitakubali, nitafunga ndoa yangu na picha tutaacha. Ila niambie ukweli, dada yangu. Haiwezekani, au hujui?"

Zena aliziangalia tena zile picha mbili. Miaka minane alikuwa kwenye kazi hiyo, na kwenye barabara ile ya sokoni hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Sijui," alisema. "Harusi imebakiza siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Niachie hizo siku."

Skolastika alivaa kofia yake, akaziacha picha pale pale kaunta na kutoka.

Zena alijifunza kazi kwa binamu yake, Haidari, ambaye siku ya kwanza alimzungushia kitufe cha juu ya kamera mpaka kwenye alama ya kijani na kumwambia, "Kaa hapa hapa. Ukiwa hapa kamera inafikiri yenyewe, wewe kazi yako ni kubonyeza." Zena alikaa hapo hapo. Akapiga pasipoti, mahafali, ubatizo, maulidi, na mikutano ya vikundi vya akina mama, na watu wengi walitoka vizuri kwa sababu watu wengi walifanana rangi na mwanga ulikuwa wa kawaida. Wale wachache waliotoka vibaya walichukua picha zao wakaondoka kimya.

Usiku wa Jumatatu ile hakufanya kitu. Asubuhi yake, mumewe Seleman alipokwenda kufungua duka lake la vipuri vya pikipiki, Zena alichukua yai moja jeupe na kipande cha mkaa, akaviweka pamoja kwenye stuli uani, juani, akazungusha kile kitufe kutoka kwenye kijani. Alichagua alama aliyokuwa akiiogopa, ile ambayo kamera haiamui chochote.

Akaanza na kitu kimoja kimoja. Ndani ya lenzi kuna tundu linaloweza kupanuka na kusinyaa, kama mboni ya jicho la paka. Akalipanua, mwanga ukaingia mwingi. Akalisinyaza, ukapungua. Nyuma ya tundu kuna pazia linalofunguka na kufunga, na yeye ndiye anayeamua likae wazi kwa muda gani: sehemu moja ya elfu ya sekunde, au moja ya kumi, au sekunde nzima. Halafu kuna kiwango cha kamera kuhisi mwanga. Ukikipandisha, hata chumba chenye giza kinaonekana, ila picha inaingia chenga kama televisheni isiyoshika.

Mambo matatu tu. Zena alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akatikisa kichwa. Miaka minane aliyakimbia mambo matatu.

Lakini yai na mkaa havikukubaliana. Akiruhusu mwanga wa kutosha mkaa uonyeshe mikwaruzo yake, yai liliungua, likabaki doa jeupe lisilo na mviringo. Akipunguza mpaka ganda la yai lionekane na vitundu vyake vidogo, mkaa ulizama ukawa shimo. Hapo akaelewa ile kamera ilikuwa inafikiri nini kwenye sendofu. Ilikuwa haimjui Skolastika wala Method. Ilikuwa inapima mwanga wote uliomo kwenye picha na kutaka jumla yake iwe na rangi ya majivu. Aliposimama Method na suti yake nyeusi mbele ya ukuta wa matofali yaliyoiva, kamera ilidhani kuna giza, ikafungulia mwanga, uso wa Skolastika ukaungua. Walipogeukia upande wa keki na kitambaa cheupe, ikadhani kuna jua kali mno, ikabana, Method akapotea.

Seleman alirudi kuchukua chakula cha mchana akamkuta mkewe amepiga magoti mbele ya stuli.

"Mke wangu, mkaa huo ni wa kupikia hilo yai, au?"

"Nataka vyote viwili vionekane."

"Mbona mimi naviona."

"Ndiyo shida yenyewe," Zena alisema. "Jicho lako linaviona kwa zamu, bila wewe kujua. Hii inaona mara moja tu."

Seleman hakuelewa vizuri, lakini jioni alirudi na mayai mengine manne, kwa sababu lile la kwanza lilikuwa limeanguka.

Alhamisi Skolastika alikuja studio kwa picha za majaribio. Zena aliwasha flashi, akidhani mwanga wa kumulika utamaliza mambo. Flashi ilipolipuka Skolastika aliyafumba macho kwa nguvu na machozi yakamtoka. Macho yake hayakuwa na kinga ya kutosha dhidi ya mwanga mkali; ndiyo maana alivaa kofia, ndiyo maana kila picha ya juani alionekana amekunja uso kama mtu aliyekasirika. Zena aliizima flashi, akaing'oa kwenye kamera na kuifungia kabatini.

"Samahani, mwalimu."

"Usijali. Angalau sasa unajua moja lisilofaa."

Jibu lilimjia Jumapili, jikoni, bila kulitafuta. Alikuwa ameacha yai na mkaa juu ya meza, mkaa upande wa mlango uliokuwa wazi, yai upande wa ndani karibu na ukuta. Jua halikuingia jikoni saa hizo, uliingia mwanga mtulivu wa nje tu. Zena alipita akaviona, akasimama. Mkaa ulikuwa unameta kwenye kingo zake zote. Yai lilikuwa limetulia, mviringo kabisa, na kivuli laini ubavuni.

Mwanga wa mlangoni unapungua haraka kila ukirudi ndani. Kilicho karibu na mlango kinapata mwingi, kilicho hatua moja zaidi kinapata nusu au chini yake. Kwa hiyo si lazima mwanga ugawiwe sawa. Mkaa upewe zaidi, yai lipewe kidogo, na kamera itavikuta vimekaribiana.

Alipiga. Akaitazama ile picha kwenye kioo cha kamera. Mikwaruzo ya mkaa ilikuwepo. Vitundu vya ganda vilikuwepo. Zena alijikuta anacheka peke yake, mikono kiunoni, sufuria ya maharage ikifurika nyuma yake.

Siku zilizobaki alizitumia kutafuta mlango. Studio yake haikuwa na dirisha la maana. Kanisani mwanga uliingia pande zote. Ukumbi wa sherehe haukuwepo, kwa sababu sherehe ingefanyika nyumbani kwa kina Method. Basi akapanda bodaboda mpaka Mwamkulu, akazunguka uani na Method mwenyewe, akifungua mlango mmoja baada ya mwingine, mpaka wakafika kwenye ghala la mpunga. Lilikuwa jengo refu la matofali, lenye mlango mpana wa kupitisha mkokoteni, unaotazama kusini. Jua la Septemba lilipita juu ya paa upande wa pili. Ndani palikuwa na baridi, pametulia, magunia yamepangwa mpaka juu.

"Hapa," Zena alisema.

Method, aliyekuwa mtu wa maneno machache, aliangalia magunia. "Hapa kuna panya, dada."

"Panya sitawapiga picha."

Siku ya harusi jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi, jeupe, la kuumiza hata macho mazima. Ndoa ilifungwa kanisani saa nne, msafara ukafika Mwamkulu saa saba kasoro na tarumbeta mbele. Skolastika alikuwa na mwavuli mweupe juu ya gauni lake, macho ameyabana. Mwenyekiti wa kamati ya harusi, Mzee Cletus, baba mkubwa wa Method, alikuwa ameshapanga mambo. Viti viwili vyenye mapambo viliwekwa katikati ya uwanja, juani, gari lenye riboni likiwa nyuma yake.

"Mpiga picha, hapa ndipo pako," alisema. "Gari lionekane, na gauni ling'ae."

"Shikamoo, mzee. Picha ya maharusi nitaipiga ghalani."

Mzee Cletus alidhani hakusikia vizuri. "Wapi?"

"Ghalani. Nimeshaongea na bwana harusi."

"Binti yangu, sisi tumechangishana miezi mitano, tumepamba, tumekodi gari. Halafu unataka kumwingiza bibi harusi wetu kwenye magunia, gauni likanuke pumba? Watu watasema nini? Anayepanga harusi hii ni nani, ni wewe au ni sisi?"

Watu walianza kusogea kusikiliza. Kama Zena angekosea, jina lake lingekuwa limekwisha Mwamkulu na mjini pia. Alifikiria kusema kwamba atapiga pote pawili, hapa juani kwanza. Kisha akamwona Skolastika chini ya mwavuli, machozi ya mwanga yakimchuruzika kwenye poda.

"Picha za gari nitapiga, mzee, na za wazee wote nitapiga," Zena alisema. "Lakini nikimpiga yeye hapa, utapata gauni lisilo na mtu. Nimeshawahi kuifanya hiyo kazi mbovu. Sitaifanya tena leo."

Kabla mzee hajajibu, Skolastika alifunga mwavuli. "Baba mkubwa," alisema kwa upole, "naomba uniruhusu. Hata kama ni kwenye magunia." Akamshika Method mkono, akakusanya gauni lake kwa mkono mwingine, akaelekea ghalani. Wasimamizi wawili walikimbia kulishika lisiburuze. Baada yao wakafuata akina mama, na baada ya akina mama ikabidi Mzee Cletus naye afuate.

Ndani ya ghala Zena alifanya kazi kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Turubai la bluu lililoanikiwa mpunga nje ya mlango aliomba likunjwe, kwa sababu lilikuwa linaurusha ubluu wake kwenye shavu la Method. Method akasimama karibu na mlango. Skolastika akasimama upande wa ndani wa Method, mbali zaidi na mlango, akiwa amemshika mkono. Zena akafunga kamera kwenye miguu yake mitatu, akapima mwanga kwenye shavu la Skolastika peke yake, si kwenye gauni wala kwenye ukuta, akaamua kwamba shavu lile halitaungua hata mengine yawe vipi. Kisha akamwomba shangazi mmoja ashike shuka jeupe upande wa Method usioelekea mlango, nje ya picha, kimo cha kifua, ili mwanga wa mlangoni ugonge shuka na kumrudia.

"Mama, inua kidogo. Hapo hapo."

Nusu ya uso wa Method iliyokuwa imezama ikajitokeza polepole, na akina mama waliokuwa mlangoni wakanong'ona.

Lakini kulikuwa na tatizo. Kivuli cha Method kilimwangukia bibi harusi begani. Zena akamsogeza Skolastika nusu hatua mbele, kivuli kikatoka. Sasa hawakuwa mstari mmoja. Kwa tundu la lenzi lilivyokuwa wazi, mmoja angeonekana wazi na mwingine angekuwa na ukungu. Ilibidi alisinyaze tundu ili ukali wa picha ufike kwa wote wawili. Mwanga ukapungua. Basi akaufidia kwa muda, akaliacha pazia likae wazi zaidi, sehemu moja ya kumi na tano ya sekunde. Kwa muda huo, mtu akitikisika tu, picha imekwenda.

"Vuteni pumzi. Toeni. Mkishatoa, tulieni kama magunia."

Akapiga. Akatazama. Method alikuwepo, na kola yake, na ndevu zake fupi. Skolastika alikuwepo, uso wote. Ila macho yake yalikuwa yameparazwa kana kwamba mtu amepitisha kidole kwenye wino mbichi. Zena akarudia. Ikawa vile vile.

"Mwalimu, macho yanatembea."

Skolastika aliyapangusa macho. "Huwa yanacheza yenyewe, siyawezi. Ila nikigeuza kichwa kidogo kulia, hivi, yanatulia. Ndivyo ninavyosoma. Wapiga picha wote huniambia ninyooshe shingo."

"Na mimi nilikwambia?"

"Kwenye sendofu, mara mbili."

Zena aliinama nyuma ya kamera ili asionekane uso. "Geuza unavyotaka wewe," alisema. "Kaa unavyosoma."

Skolastika aligeuza kichwa kulia. Kidevu kikashuka kidogo, bega likalegea. Hakuwa amekunja uso. Hapakuwa na jua la kumfukuza wala flashi ya kumvizia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa ameyafungua macho yake yote, ya kijivu yenye ubluu, yakimtazama Zena moja kwa moja.

"Toeni pumzi."

Pazia la kamera likafunguka, likakaa, likafunga.

Zena aliikuza picha kwenye kioo, akakagua kushoto, akakagua kulia, kisha akaifungua kamera kwenye miguu yake na kumpelekea Skolastika mkononi. Skolastika aliisogeza mpaka ikakaribia kugusa pua yake, kama alivyosogeza kila kitu alichosoma. Alikaa hivyo muda mrefu. Kidole chake kilikuwa kinakwenda taratibu juu ya kioo.

"Nina nyusi," alisema. "Za dhahabu. Method, tazama. Na haya madoadoa, yote yapo."

Method aliinama juu ya bega lake. "Hayo mimi nayajua," alisema. Halafu akajitazama mwenyewe, akasogea zaidi. "Hili kovu la juu ya jicho ni langu? Mama alisema nilianguka kwenye jaruba nikiwa mdogo. Sijawahi kuliona kwenye picha yoyote."

Skolastika alicheka, akalia, akacheka tena, na mama yake, Gaudensia, alipopewa kamera hakucheka wala kulia. Aliivuta khanga begani, akairudisha kamera kwa Zena kwa mikono miwili, akatoka mpaka katikati ya uwanja chini ya lile jua, na kupiga kigelegele kirefu kilichowanyamazisha wapiga tarumbeta. Kisha wakakidaka wakakirudisha kwa nguvu zote, na uwanja mzima ukasimama kucheza.

Zena alikuwa anakunja shuka alipohisi mtu nyuma yake. Alikuwa Mzee Cletus, kofia mkononi. Alikuwa ameshaiona picha. Shangazi wa shuka alikuwa amemwonyesha kwa nguvu.

"Mpiga picha," alisema, akilitazama paa. "Mimi na mke wangu tuna miaka thelathini na saba ya ndoa. Picha tunayo moja, na mimi ndani yake ni kofia tu." Akakohoa. "Nikae upande gani?"

"Karibu na mlango, mzee. Mama akae hapa ndani kidogo."

Baada ya hao wakaja ndugu zake watatu. Baada ya ndugu wakaja kwaya nzima, wakiwa wawili wawili. Foleni ikatoka mlangoni mwa ghala, ikapita kwenye viti vyenye mapambo, ikalizunguka gari lenye riboni ambalo hakuna aliyekuwa akiliangalia tena. Mpambaji aliacha kugawa soda akaja kupanga watu. Wapishi walituma mtu kusema wali unapoa, mtu huyo naye akabaki kwenye foleni. Mwanga ulivyobadilika Zena aliufuata: tundu akalipanua kidogo, akamsogeza huyu hatua moja, yule nusu hatua, akapima kila shavu kivyake, la maji ya kunde, la chungu, la mkaa, na hakuna aliyetoka humo bila uso.

Ilipofika saa kumi na moja akina mama wa Mwamkulu walikuwa wameshatunga wimbo wa kumsifu binti wa Kiislamu aliyeingiza harusi ghalani. Walimletea sahani ya wali na kuku, wakamkalisha juu ya gunia la mpunga, kamera mapajani, na wakauimba mara nne mbele yake akiwa anakula.